Liwa Iliyokataa Kukauka

Siku ile mliponikatia keki pale kliniki mliniomba niwaandikie "chochote". Hilo ni neno la hatari kumwambia mtu anayestaafu, maana sasa muda ninao. Wiki ya tatu hii nimekaa nyumbani Kaole, naamka alfajiri kila siku bila kuitwa na mtu, nimeshafua mapazia ambayo hayakuwa machafu, na mwisho nimechukua daftari. Sitaandika nilianza na cheo gani wala niliishia na kipi. Hayo yamo kwenye faili, na faili halijamfundisha muuguzi yeyote kushika sindano.

Nitaandika juu ya ngozi, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri, na kwa sababu mpaka leo kinanishangaza.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa binti mwembamba mwenye gauni jeupe lililonizidi mabega. Nilipangwa wodi ya vidonda, chini ya muuguzi mkuu aliyeitwa Paulina, mwanamke mrefu kutoka bara aliyelelewa misheni, ambaye hakuwa na muda wa kucheka kabla ya saa nne asubuhi. Nilidhani atanifundisha kufunga bandeji. Badala yake alinishika mkono, akanipeleka kitandani kwa mama mmoja mkulima wa Ubena mwenye kidonda cha mguu, akavuta pazia la dirisha. "Taa ya umeme ni mwongo," akasema. "Kabla hujamgusa mtu, mtazame kwa mwanga wa dirishani. Kisha niambie umeona rangi ngapi."

Nikasema naona moja, nyekundu. Akanirudisha. Mara ya pili nikaona tatu. Mara ya tano, tayari natokwa na jasho, nikaona pembeni mwa kidonda utepe mwembamba sana, wa waridi, kama mstari uliochorwa na mtu mwenye mkono mwepesi. "Hiyo," akasema Paulina, "ni ngozi mpya. Inatambaa kuja katikati. Hakuna aliyeituma."

Tangu siku ile nikawa nawahi kazini, si kwa bidii, bali kwa sababu nilitaka kuuona ule utepe kabla ya watu wengine. Kila asubuhi ulikuwa umesogea kidogo. Mama wa Ubena alidhani nampenda sana, na kwa kweli nilimpenda, lakini mguu wake niliupenda zaidi. Nilikuwa naenda nyumbani najitazama mikono, nikijua kwamba chini ya kila kipande cha ngozi yangu kuna kitu kinachojua kazi yake kuliko mimi ninavyoijua yangu.

Nilikaa na vidonda miaka mingi: moto, kisukari, ukoma, majeraha ya pikipiki. Daktari Elia nilimkuta huko huko, akiwa kijana aliyetoka chuoni, anayeandika maelezo marefu yasiyosomeka. Akaenda kusomea ubingwa wa ngozi, akarudi ana mvi mbili tatu, akafungua kliniki yake Mapinga, kando ya barabara ya Bagamoyo. Akanipigia simu. "Sista Tatu, nimeajiri watu wenye vyeti vizuri," akasema. "Sasa namtafuta mtu anayeona rangi." Ndivyo nilivyofika hapo mlipo.

Mwanzoni nilidhani tutatibu chunusi, fangasi, na kina mama waliojichubua kwa krimu za dukani, na kweli hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa. Lakini Jumanne na Alhamisi chumba cha mwisho kilifunguliwa kwa ajili ya nyuso: watu wenye mikunjo, mashavu yaliyozama, mistari inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo. Hawakutaka kisu. Walitaka ile jeli inayochomwa chini ya ngozi kujaza palipopungua, ambayo wateja wenyewe wanaiita filla.

Nikiri tu kwamba niliidharau. Nilitoka kwenye vidonda vinavyonuka, nikaingia kwenye chumba chenye kiyoyozi na viti vya ngozi, na nikajiambia, Tatu, umeshuka. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu aliyekuja peke yake, mpole, amevaa viatu vya kanisani. Hakutaka kuwa msichana. Alitaka apunguziwe ule mkunjo wa pembeni mwa mdomo, kwa sababu wajukuu zake walimwuliza kila asubuhi amekasirikia nini. "Sijakasirika," akatuambia. "Ndivyo uso wangu unavyokaa siku hizi."

Daktari akapiga sindano taratibu, akirudi nyuma nayo huku jeli ikitoka. Nilisimama upande wa dirisha. Nikaona mfereji ule, ambao kicheko, jua na ubao wa chaki vilikuwa vimeuchimba kwa zaidi ya miaka arobaini, ukinyanyuka. Haukufutika. Ulinyanyuka tu, kama mto wa kulalia ulioshindiliwa ukipigwapigwa. Uso wa mwalimu ukawa uso wa mtu anayesikiliza. Alipopewa kioo akaligusa shavu lake kwa kidole kimoja. Nilitoka nje nikasimama karibu na tangi la maji, maana machozi yalinijia na sikutaka Daktari Elia ayaone. Tangu siku ile sijaidharau tena kazi hiyo.

Daktari alinieleza baadaye kwamba jeli ile imetengenezwa kwa kitu ambacho mwili wenyewe unacho, kinachokaa chini ya ngozi na kushika maji, na ambacho hupungua kadiri mtu anavyozeeka. Ukiminya kidogo kwenye glovu unaona kinavutika kama ute wa bamia. Hakikazi ngozi iliyolegea, hakiondoi madoa ya jua, na baada ya miezi kadhaa, au mwaka na zaidi kidogo, mwili unakila chote. Wateja waliniuliza mara nyingi kwa nini wapoteze fedha kwa kitu kisichodumu. Niliwajibu wamuulize msusi wao.

Vifaa mnavijua, lakini niseme kwa ajili ya wale watakaokuja. Penseli nyeupe ya macho, ya duka la vipodozi, ni bora kuliko kalamu yoyote ya hospitali, maana kalamu ya bluu haionekani juu ya uso mweusi. Kanula, ile sindano ndefu yenye ncha butu, inapita kando ya mishipa badala ya kuitoboa, lakini msiiamini kupita kiasi. Krimu ya ganzi iachwe ifanye kazi. Mtu mwenye haraka aambiwe arudi siku asiyo na haraka. Na ndani ya friji, rafu ya juu, nyuma kabisa, kuna boksi dogo la chupa za dawa ya kuyeyusha. Dawa hiyo ikichomwa mahali penye jeli, jeli inaachana na kuwa maji. Kila Jumatatu Daktari Elia alilitoa boksi hilo, akasoma tarehe, akalirudisha. Sijapata kuona mtu mwingine anayetunza kitu kwa uangalifu hivyo huku akiomba Mungu asikitumie.

Hofu yake ilikuwa moja. Uso una mishipa ya damu kila mahali, myembamba, na kila mtu imempitia kwa njia yake. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, au ikiukandamiza kwa nje, damu haipiti, na ngozi inayotegemea mshipa huo inaanza kufa. Pua inaweza kwenda. Na kuna mishipa inayofika jichoni. Ndiyo maana mteja haruhusiwi kuondoka kabla ya nusu saa, na katika nusu saa hiyo kazi ya muuguzi ni kutazama tu. "Vitabu vinasema ngozi itakuwa nyeupe," Daktari aliniambia. "Vimeandikwa kwa ajili ya watu weupe. Kwetu utafute majivu." Minya kwa kidole gumba, achia, hesabu. Kwenye ngozi hai rangi inarudi kabla hujafika mbili. Linganisha upande na upande. Geuza mdomo utazame ndani. Pitisha mgongo wa vidole kusikia baridi. Kwa miaka mingi nilifanya hivyo kwa kila mtu, akiwemo mgombea mmoja wa udiwani aliyetaka kurudishiwa uso uliomo kwenye mabango yake.

Kisha akaja Bi Mwanahawa.

Wengi wenu hamkumfahamu, maana yaliyotokea ni ya kabla hamjaajiriwa. Bi Mwanahawa alikuwa somo, yaani yule mwanamke anayemfunda mwali mambo ya unyumba kabla ya ndoa, anayemsinga mwili kwa singo, ule unga wa manukato, anayemsagia liwa, mti wa harufu nzuri, kwenye jiwe kwa maji ya marashi na kumpaka mpaka ngozi inang'aa. Bagamoyo mjini, ukitaja harusi iliyopendeza, ukauliza nani aliyemtoa bibi harusi, jibu lilikuwa jina lake. Mimi mwenyewe nilikuwa mwali wake. Nilikaa ndani mikononi mwake siku saba. Na kwa watu wa pwani jambo hilo haliishi siku ya harusi. Somo wako ni somo wako mpaka mmoja wenu azikwe. Humkatizi akisema, humrekebishi mbele ya watu wala faraghani, na akikupa kikombe ambacho kahawa yake imepoa, unakunywa.

Kwa hiyo alipoingia kliniki, nilimpokea kwa magoti.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwali wangu. Mwenye nyumba yupo?"

Mwenye nyumba alikuwa Daktari Elia. Bi Mwanahawa alikaa mbele yake, akafungua ushungi, na sote tukaona. Alikuwa ameng'olewa magego yote ya juu, na baada ya homa moja ndefu mwili ulikuwa umemwisha. Mashavu yalikuwa yamezama, na mikunjo miwili imeshuka kutoka puani kama kamba.

"Daktari, mimi nauza uso," akasema. "Si wangu, wa wenzangu. Lakini mtu anakuja na binti yake, ananitazama, anajiuliza, huyu anayeng'arisha watoto wa watu, mwenyewe mbona kakauka? Wanasema naumwa. Familia mbili zimeshachukua mabinti zao zimewapeleka kwingine. Mjukuu wangu anaolewa baada ya wiki mbili, na nimesikia upande wa mume wanauliza kama hakuna somo mwingine."

"Unataka turudishe umri gani?" Daktari akamwuliza.

"Umri baki nao. Nataka nisionekane mgonjwa. Ile ni kazi yangu, Daktari. Sina nyingine."

Daktari alimweleza kila kitu, mazuri na ya hatari, hata la jicho. Bi Mwanahawa alisikiliza kama anavyosikiliza mtu aliyezoea kusikilizwa, kisha akasema amefahamu.

Alirudi Alhamisi iliyofuata, saa tatu na nusu asubuhi, ameshaoga na kunukia. Daktari alisafisha uso, akachora kwa penseli nyeupe, akachoma. Mashavu yalijaa taratibu. Mikunjo ikanyanyuka, wa kushoto kwanza, halafu wa kulia. Daktari akaminya huku na huku, rangi ikarudi vizuri. Siku hiyo alikuwa na msiba Msata, wa mjomba wake, na maziko yalikuwa saa saba mchana. Alikaa dakika kumi, akaminya tena, akaniangalia.

"Nusu saa kamili, Sista."

"Nusu saa kamili, Daktari."

Akaondoka. Tukabaki wawili, somo na mwali wake.

Bi Mwanahawa alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akafungua mkoba, akatoa kikopo kidogo cha udongo. Harufu ilinifikia kabla sijaona kilichomo. Liwa. Alikuwa ameisaga asubuhi ile.

"Uso unawaka waka," akasema. "Naipoza kidogo. Na siwezi kutoka barabarani uso mtupu."

Mteja yeyote mwingine ningemnyang'anya kile kikopo. Kanuni ni kwamba hakuna kitu kinachopakwa usoni siku ile, hata mafuta. Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, mafupi na rahisi: somo, usipake. Hayakutoka. Mkono ule uliokuwa unachota liwa ndio ulionipaka mimi usiku na mchana kwa siku saba, na kila nilipoinua uso kuuliza jambo uliugeuza chini. Nikasema, "Kidogo tu, somo." Akapaka uso mzima, tabaka zuri, laini, kama alivyopaka maisha yake yote.

Na mimi nikakaa kitini mbele yake, nikatimiza kanuni ya kutazama. Nilitazama liwa.

Baada ya kama dakika kumi akasema, "Imeanza kukaza." Kila mwanamke wa pwani anajua liwa inavyokaza ikikauka, inavuta ngozi kama nguo iliyorudi. Nikacheka, nikamwambia ndiyo kawaida yake. Akasema inakaza zaidi upande wa kulia, tena inauma. Nikasema labda upande ule alipaka nyingi. Tukaongea habari za harusi.

Nusu saa ilipokwisha akasimama, akaomba nimsaidie kufunga ushungi. Nilimsogeza dirishani, kwa mazoea ya Paulina tu, si kwa shaka yoyote. Mwanga ukamwangukia. Upande wa kushoto liwa ilikuwa imekauka, imepauka, ina nyufa ndogo ndogo kama inavyopaswa. Upande wa kulia, kuanzia kwenye bawa la pua, kushuka kwenye mkunjo hadi juu ya mdomo, ilikuwa bado mbichi. Nyeusi, yenye unyevu, kana kwamba imepakwa sasa hivi.

Nikasema moyoni, ni upepo wa kiyoyozi. Lakini kiyoyozi kilikuwa kinampuliza upande huo huo wa kulia. Kama ni upepo, ungeanza kukauka huo. Nikasimama na pini ya ushungi mkononi, naelewa, na sitaki kuelewa. Liwa haikaushwi na hewa peke yake. Inakaushwa na joto la mwili, na joto la mwili ni damu. Palipokuwa pabichi hapakuwa na joto.

Na bado, wenzangu, nilimwuliza kama anataka maji ya kunywa. Naandika hili ili mjue mtu anavyoweza kuwa mjinga na ameshajua kila kitu. Nikamletea maji. Akanywa, na maji yakamponyoka pembeni mwa mdomo, upande wa kulia, bila yeye kuhisi. Hapo ndipo nilipopitisha mgongo wa vidole kwenye mdomo wake wa juu. Ulikuwa wa baridi.

"Somo, niwie radhi," nikasema. "Hebu nioshe kidogo hapa." Sikungoja anijibu. Nilichukua pamba na maji ya vuguvugu, nikafuta.

Chini yake palikuwa na majivu. Si weusi wala weupe. Rangi ya mkaa uliozimwa kwa maji, na juu ya bawa la pua vijimstari vya zambarau vilivyosukana kama wavu. Nikaminya, nikaachia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Hakuna kilichorudi.

Nilimfunika jicho moja moja nikimwonyesha vidole. Alivihesabu vyote sawa, na alikasirika kuulizwa, na hasira zake zilinipa pumzi. Nikapiga simu, nikaiweka mezani kwa sauti kubwa. Daktari Elia alikuwa ameshapita Bagamoyo mjini. Nilimweleza kwa maneno machache. Nikasikia gari likisimama kwenye changarawe.

"Nageuza," akasema. "Lakini sitawahi. Lete boksi. Utachoma wewe, Sista, mimi nitakuongoza."

"Kiasi gani?"

"Chupa nzima. Kisha nyingine. Usiogope kuharibu uzuri. Uzuri tutautafuta siku nyingine."

Bi Mwanahawa alikuwa amesikia yote. Nilimgeukia nimweleze, akaniwahi. "Pua yangu itakatika?"

"Sijui, somo. Nataka kuyeyusha ile dawa damu ipite. Nikikaa ngozi inaweza kufa."

"Basi usikae."

Nilichanganya dawa, nikachoma kando ya mkunjo, juu ya mdomo, kwenye bawa la pua, kila mahali majivu yalipofika. Nikakanda kwa vidole kuelekea chini, kwa nguvu, na mtu mzima yule akang'ata ncha ya ushungi wake asilie. Nikaweka kitambaa cha maji ya moto. Nikamwuliza kama ana vidonda vya tumbo, akasema hana, nikampa aspirini atafune. Nikaminya, nikahesabu, nikafika sita. Daktari akasema kwenye simu, "Ya pili." Nikachoma ya pili.

Nikaminya tena. Sita. Nikakanda. Sita. Nikabadilisha kitambaa, nikakanda tena, na sala zote ninazozijua nilikuwa nimeshazimaliza nikaanza upya. Kisha nikahesabu nikafika nne.

Nilidhani nimekosea. Nikaminya mara nyingine. Tatu.

Sijui nitawaelezaje nilichokiona baada ya hapo. Kwenye kona ya mdomo, upande wa chini, ilitokea rangi ya kahawia isiyozidi punje ya mchele. Ikakaa kidogo, kama inauliza njia. Kisha ikapanda. Ilipanda juu ya mdomo, ikaingia kwenye mkunjo, na popote ilipofika majivu yalirudi nyuma mbele yake. Ule wavu wa zambarau ukalegea fundo moja moja. Niliinama karibu mpaka pumzi yangu ikamgusa. Nilikuwa natazama damu ya mwanadamu ikirudi nyumbani kwake, na hakuna aliyeielekeza, si mimi, si Daktari aliyekuwa njiani. Sisi tulikuwa tumeondoa kizuizi tu. Nikasema Subhanallah kwa sauti, nikairudia, sikuweza kusema jambo jingine lolote. Nimewahi kuona watoto wakizaliwa. Hili lilinitisha zaidi, maana lilikuwa kimya kabisa.

"Nini?" akauliza Bi Mwanahawa. "Nini, mbona unalia? Imekatika?"

"Imerudi, somo."

"Mm. Nasikia moto."

"Huo ndio wenyewe."

Daktari Elia alifika na nguo za msibani, viatu vina vumbi. Alinawa, akaminya, akahesabu kimya kimya midomo ikicheza. Akachungulia ndani ya mdomo. Akachoma chupa moja zaidi, kwa tahadhari, pale kwenye bawa la pua. Ndipo akakaa chini kama mtu aliyebeba gunia kutoka Msata. Alisema ngozi itapona, labda itabambuka kidogo juu ya mdomo, atamwona kila siku kwa wiki nzima. Kisha akanigeukia mimi.

"Ilionekana saa ngapi?"

"Baada ya nusu saa, Daktari. Alikuwa amepaka liwa. Nilimwachia."

Hakunifokea. Aliniangalia tu, na heri angefoka. Miaka yote ile aliniita kwa sababu naona rangi, na siku rangi ilipotakiwa nilikubali ifunikwe.

Alimwonyesha Bi Mwanahawa kioo. Upande wa kulia ulikuwa umerudi kama ulivyokuwa, umezama, na umevimba kidogo kwa sindano. Wa kushoto ulikuwa umejaa. Daktari akamwambia anaweza kuuyeyusha na huo, pande mbili zilingane kwa ajili ya harusi.

"Thubutu!" akasema Bi Mwanahawa. "Huu uacheni hivi hivi. Nimekaa kwenye majukwaa ya harusi tangu hujazaliwa, baba. Nitajua pa kukaa na upande wa kuwapa."

Daktari alicheka mpaka akafuta macho, akatoka kwenda kuwapigia simu ndugu zake, waliokuwa wanamzika mjomba bila yeye.

Tukabaki tena wawili. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Nilimwambia yote: kwamba kanuni niliijua, kwamba liwa nilitakiwa kuizuia, kwamba aliposema inakaza nilitakiwa kumwosha pale pale, na hata nilipoona, nilikwenda kuchota maji ya kunywa. Nikamwambia nilimwonea haya. Nikamwambia angepoteza pua yake, na kazi yake, kwa adabu yangu.

Uso wake ulikuwa mtupu, hauna liwa wala wanja, mara ya kwanza maishani mwangu kuuona hivyo, na nilishangaa jinsi ulivyokuwa wa mtu wa kawaida.

"Siku ulipoletwa kwangu," akasema, "ulikuwa hujawahi kuvua nguo mbele ya mtu. Nilikwambia vua. Ulilia. Nilikuonea haya?"

"Hapana, somo."

"Nilikuwa nakupenda kidogo?"

"Hapana."

"Sasa wewe umeshindwa kuniambia niache liwa?"

Akajiegemeza kwenye mto, akafumba macho.

"Haya, niambie sasa," akasema. "Unavyowaambia wagonjwa wengine."

Nikasimama. Sauti ilitoka ndogo, nikaanza upya.

"Utalala hapo hapo. Hupaki kitu usoni. Kila robo saa nitakuminya, hata ukiumia. Na hutoki humu ndani mpaka niseme mimi."

"Ndiyo, Sista," akasema somo wangu, akanyoosha uso kuelekea dirishani niuone.